Picha ya maonyesho inapoharibika: sahihi, kadi, kioo na ukuta wa chokaa

Picha nyingi zinazoharibika katika maonyesho ya Unguja na Pemba haziharibiwi na kamera wala printa. Zinaharibika wiki mbili za mwisho, pale zinapotiwa sahihi kwa haraka, zikabandikwa kwa selotepu, zikafungiwa kioo na wino bado mbichi, kisha zikatundikwa kwenye ukuta wenye unyevu. Hewa yetu ni ya bahari. Unyevu hukaa juu ya asilimia 75 sehemu kubwa ya mwaka, na masika ya Machi hadi Mei huupandisha zaidi. Karatasi huunywa unyevu huo usiku kucha, halafu asubuhi kiyoyozi kikiwashwa huutoa. Karibu kila tatizo lililomo humu ni la picha iliyonyimwa nafasi: nafasi ya kukauka, ya kutanuka, au ya kupitisha hewa mgongoni.

Kabla ya kufungua chochote, ishushe fremu, ilaze mezani uso juu na uitazame kwa taa moja iliyowekwa ubavuni. Kasoro iliyoonekana ukutani na mezani haipo, sababu yake ni taa, waya au ukuta. Ikiwa bado ipo, geuza fremu, fungua mgongo na utoe kioo. Itakayobaki baada ya kioo kutoka imo ndani ya karatasi yenyewe, na hapo kazi ni nyengine.

Sahihi inapakaa

Sababu ni mbili tu: kalamu haipatani na karatasi, au haikupewa muda.

Karatasi anazokutana nazo mpigapicha wa hapa ni za namna tatu. Ya kwanza ni ya pamba, isiyong'aa, mara nyingi ya gramu 300 hivi kwa mita ya mraba. Hii inanywa, na penseli ya HB au B inashika vizuri pembezoni mwake. Ya pili ni ya barita, yaani yenye tabaka jeupe la madini ya bariamu, na mng'ao wake ni mdogo. Penseli huteleza juu yake, na kinachofaa ni kalamu ya wino wa pigmenti, yaani chembe za rangi zisizoyeyuka, kama Sakura Pigma Micron, namba 03 au 05. Ya tatu ni karatasi ya kawaida ya studio, iliyofunikwa plastiki mbele na nyuma. Juu ya hii wino wa maji hukaa kama tone kwenye jani la mgomba: unaonekana umekauka, ukigusa unakwenda na kidole. Hapo tumia kalamu ya kudumu yenye wino wa spiriti, kama Staedtler Lumocolor, ya ncha nyembamba.

Usiamini jina lililoandikwa kwenye kalamu. Kata ukanda wa karatasi ile ile uliyochapia, andika sahihi tatu, kisha pangusa kwa pamba kavu: ya kwanza baada ya dakika 10, ya pili baada ya saa moja, ya tatu kesho yake. Ukiona hata ya tatu inaacha alama kwenye pamba, kalamu hiyo si ya karatasi hiyo. Wakati wa masika usihesabu kwamba kitu kimekauka kabla ya saa 24 kupita.

Kama sahihi imeshapakaa, tiba inategemea ulipoandika. Penseli kwenye ukingo mweupe wa karatasi ya pamba inafutika kwa raba laini nyeupe, kwa mkono mwepesi na kuelekea upande mmoja. Wino haufutiki. Spiriti itauondoa wino, na pamoja nao itaondoa tabaka la juu linaloshikilia rangi ya picha, uachiwe doa linalong'aa tofauti na pengine kote. Chapa upya, au funika sehemu hiyo kwa kadi na utie sahihi nyuma.

Kuna kupakaa kwengine kusikoonekana mapema. Mtu anatia sahihi picha ishirini nyuma, anazipanga moja juu ya nyengine, asubuhi anakuta jina lake limejichapa kinyumenyume juu ya uso wa picha iliyokuwa chini. Wino wa spiriti juu ya plastiki ukilaliwa na uzito huhama. Zitandaze, kila moja peke yake, au weka karatasi safi isiyo na asidi baina ya picha na picha.

Sahihi imegeuka rangi

Nyeusi imekuwa kahawia, au imepata kivuli cha zambarau pembeni. Hiyo ni marka ya kawaida ya dukani. Wino wake ni rangi iliyoyeyushwa, si pigmenti, na mwanga huila. Kivuli ni kiyeyusho kilichotambaa ndani ya nyuzi za karatasi. Peni ya biro nayo ina ubaya wake: hufifia, tena huchimba mfereji. Hakuna dawa ya sahihi iliyokwisha kugeuka. Kilichobaki ni kuandika nyuma kwa penseli na kumpa mnunuzi cheti. Penseli ni kaboni, haifi kwa mwanga, na ndiyo maana tunaipendelea kila pale karatasi inapoikubali.

Sahihi imepotea baada ya kutiwa fremu

Picha ilitiwa sahihi, ikapelekwa kwa fundi wa fremu, ikarudi bila jina. Fundi hana kosa. Kadi ya dirisha, ile kadi nene inayozunguka picha ndani ya fremu, kwa kawaida hulalia picha milimita 3 hadi 5 kila upande ili picha isichomoke. Sahihi iliyoandikwa milimita 2 kutoka ukingoni imelala chini ya kadi.

Uamuzi wa wapi jina litakaa unatangulia kukata kadi, na hata kuchapa. Chukua picha ya upana wa sentimita 45 na urefu wa 30, iliyochapwa katikati ya karatasi ya A2 iliyolazwa, yaani 59.4 kwa 42. Inabaki nyeupe ya sentimita 7.2 kulia na kushoto, na 6 juu na chini. Andika milimita 5 hadi 8 chini ya ukingo wa picha: sahihi kulia, namba ya nakala kushoto, na kichwa cha picha katikati kama unakitaka. Kisha mwambie fundi aache weupe wa milimita 6 juu na ubavuni, na milimita 18 chini. Dirisha litakuwa la sentimita 46.2 kwa 32.4. Mpe vipimo hivyo vimeandikwa. "Niachie kidogo chini" kila mkono una kidogo chake.

Ukitaka kadi iilalie picha, dirisha la picha hiyo hiyo ni 44.4 kwa 29.4, na sahihi iende nyuma. Kuandika juu ya picha yenyewe hatukupendi. Jina jeupe juu ya bahari ya Nungwi linavuta jicho kabla ya bahari.

Mstari wa kalamu umetokea mbele

Ukiinamisha picha kwenye mwanga unaona jina lako limevimba upande wa uso. Uliandika nyuma kwa biro au penseli ngumu, picha ikiwa juu ya kitambaa au juu ya picha nyengine. Laza uso kwenye kioo kisafi au meza ngumu iliyotandikwa karatasi moja laini, andika kwa penseli ya 2B bila kukandamiza, na andika mahali ambapo mbele yake ni ukingo mweupe. Nyuma ya karatasi ya plastiki penseli haishiki, hivyo rudi kwenye kalamu ya spiriti na uiache wazi siku nzima. Uvimbe uliokwishatokea hautoki kwa kulalisha vitabu juu yake.

Namba za nakala hazipatani

Mgeni amenunua 3/10, yaani nakala ya tatu katika toleo la nakala kumi, na miezi sita baadaye mwengine ana 3/10 ya picha ile ile. Au toleo lilikuwa la nakala 10 na sasa mtu ana 11/15. Hili haliletwi na unyevu. Linaletwa na kukosa daftari. Kwa kila picha andika jina, mwaka wa kupiga, mwaka wa kuchapa, ukubwa, karatasi, wino, idadi ya toleo, na mstari mmoja kwa kila nakala: namba, tarehe iliyotiwa sahihi, ilikokwenda. Nakala za msanii huwekwa nje ya hesabu na huandikwa kwa alama yake, kwa mfano N.M. 1/1, na zisizidi moja katika kumi ya toleo. Ukishatangaza 10, ni 10. Ukubwa mwengine unaweza kuwa na toleo lake, mradi limesemwa tangu mwanzo na limeandikwa kwenye cheti.

Picha za zamani zina swali lake. Unguja ina hazina ya nega za studio, yaani filamu za asili ambazo picha huchapwa kutoka kwazo, na Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa mwaka 1930, ndiyo inayojulikana kuliko zote. Nega ya mpigapicha aliyefariki ikichapwa upya leo, hakuna anayetia sahihi ya marehemu. Nyuma huandikwa jina la aliyepiga, mwaka kama unajulikana, maneno "imechapwa upya kutoka nega" na mwaka wa kuchapa, kisha aliyesimamia uchapaji au warithi hutia sahihi yao wenyewe. Pakikosekana maneno hayo, mnunuzi anaweza kudhani ameuziwa chapa ya enzi zile.

Picha imefanya mawimbi

Hili ndilo tatizo tunaloulizwa kuliko yote, na ndilo linaloponyeka vizuri likieleweka. Umbo la wimbi linakueleza sababu, kwa hiyo litazame kwanza.

Mawimbi yanayokimbia kutoka pembe kwa pembe, au uvimbe katikati huku kingo zote nne zimekaza, maana yake picha imefungwa pande zote. Mtu ameizungushia selotepu au mkanda wa pande mbili. Karatasi ya pamba yenye urefu wa sentimita 60 inaweza kutanuka milimita mbili tatu hewa ikibadilika kutoka chumba chenye kiyoyozi hadi usiku wa kusi wenye madirisha wazi. Haina pa kwenda, inainuka.

Mawimbi madogo kwenye ukingo mmoja tu, hasa wa chini, yanamaanisha karatasi imekaa moja kwa moja juu ya mbao za fremu, au fremu imekatwa kwa kipimo kile kile cha karatasi bila nafasi. Ndani ya fremu panatakiwa pabaki milimita 2 hadi 3 kila upande.

Wimbi moja pana, kama mgongo wa ngalawa iliyopinduliwa, mara nyingi ni karatasi ya rola ambayo haikunyooshwa. Izungushe upande wa kinyume juu ya bomba pana, kwa muda mfupi, ikiwa na karatasi safi juu yake, kisha ilaze chini ya ubao na uzito wa kilo mbili tatu kwa siku mbili.

Kuponya iliyofungwa pande zote: toa fremu, kata selotepu kwa kisu chembamba pale inaposhika kadi, si pale inaposhika picha. Usiivute. Kipande kitakachobaki nyuma ya picha kiache, maana gundi ya selotepu ikivutwa huondoka na nyuzi za karatasi. Iache picha siku moja wazi, uso juu, katika chumba cha hewa tulivu, ndipo uilaze chini ya uzito. Kisha ibandike upya kwa njia inayoiacha ining'inie.

Njia bora ni vishikizo viwili vya karatasi nyembamba ya Kijapani, juu tu, vilivyopakwa gundi ya wanga wa ngano. Huo ni wanga uliopikwa na maji yaliyochujwa hadi ukawa uji mzito, ukapozwa na kupitishwa kwenye chujio. Kishikizo cha sentimita 2 kwa 4 kinashika picha kwa milimita 5 tu. Baada ya siku chache za joto gundi hiyo huchacha, basi pika kidogo ya kazi ya siku moja.

Karatasi ya Kijapani ikikosekana, na hapa hukosekana mara nyingi, tengeneza vipembe. Chukua masalio ya karatasi ya pamba uliyochapia, yale meupe uliyoyakata pembezoni. Kata ukanda wa sentimita 2 kwa 6. Shika katikati ya ukanda kwa ukucha, kunja mkono wa kulia ushuke chini, kunja na wa kushoto ushuke ubavuni mwake, upate pembetatu yenye mfuko. Ingiza pembe ya picha ndani ya mfuko, rudi nyuma milimita 1, kisha bandika mikia ya kipembe kwenye kadi ya nyuma. Gundi isiiguse picha hata kidogo. Vipembe vinne, na ile milimita 1 katika kila pembe, karatasi itatanuka na kurudi bila mtu kujua. Njia hii inafaa pale kadi ya dirisha inapofunika pembe za karatasi.

Kioo kimeingia ukungu kwa ndani

Kuna ukungu wa namna tatu na tiba zake hazifanani.

Ukungu wa majimaji unaotokea ghafla na kuondoka baada ya saa moja ni mvuke. Hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kudondosha maji juu ya kitu chochote kilichopoa hadi nyuzi 26 hivi. Fremu iliyolala katika ofisi yenye kiyoyozi cha nyuzi 21, ikitolewa uani saa nne asubuhi, italowa. Ifunge kwenye nailoni ukiwa bado ndani ya chumba cha baridi, itoe, subiri saa mbili au tatu ipate joto la nje, ndipo uifungue. Maji yatakaa juu ya nailoni.

Utando wa mafuta, kijivu, unaofuata umbo la picha yenyewe na kuwa mzito zaidi kwenye sehemu nyeusi, ni kiyeyusho cha wino kilichokuwa kikitoka taratibu kikanaswa na kioo. Wino wa printa unaonekana umekauka kwa dakika chache, ilhali glikoli iliyomo ndani yake hutoka kwa siku kadhaa. Fungua, futa kioo kwa kitambaa na spiriti kidogo, kioo kikiwa mbali na picha. Ilaze picha mezani, iwekee juu karatasi kavu isiyo na maandishi (ya fotokopi inatosha), na uibadilishe kila baada ya saa 24. Karatasi ikitoka haina mawimbi tena, picha iko tayari kurudi. Siku tatu ndiyo hesabu yetu ya chini kwa hewa ya hapa, na wakati wa mvua ziwe tano.

Namna ya tatu ni vidoa, nyuzinyuzi kama utando wa buibui, vinavyoanzia pembeni na kusogea ndani. Hiyo ni koga. Huanza pale unyevu unapopita asilimia 65 hivi na hewa imesimama, na chakula chake ni jelatini, wanga na vumbi. Itenge fremu hiyo na nyengine mara moja. Iache ikauke kabla ya kuigusa, maana koga mbichi ikipanguswa hupakaa na kuingia ndani ya karatasi. Ikishakauka na kuwa unga, iondoe nje ya nyumba kwa brashi laini kabisa, ukivaa barakoa na kupiga kuelekea nje ya picha. Usitie maji, usitie siki, usianike juani. Kadi yenye koga haioshwi, hutupwa. Kisha ushughulikie sababu: fremu imegusana na ukuta. Bandika vipande vinne vya kizibo au mpira, unene wa milimita 5 au zaidi, pembe za nyuma. Kwenye kuta za mawe na chokaa zinazolia maji tunaweka hata milimita 10.

Picha imegandana na kioo

Usivute. Jelatini na tabaka la wino vikigandana na kioo, vitabaki kwenye kioo. Piga picha ya kila sehemu kama ilivyo sasa, kwa kamera nzuri, taa mbili za ubavuni, kioo kikiwa bado juu. Ikiwa nega au faili ipo, chapa upya. Ikiwa ndiyo nakala pekee, iache hapo hapo ilipo, kavu, imelala, mpaka ifike kwa mtaalamu wa kuhifadhi picha. Sababu ni moja: hapakuwa na kitu kati ya picha na kioo. Kadi ya dirisha ya milimita 1.5 hadi 2 ni ya kulinda kabla ya kuwa ya kupendeza, na asiyeitaka lazima aweke vijiti vya kutenga ndani ya fremu, chini ya mdomo wake.

Mstari wa kahawia kuzunguka dirisha la kadi

Ukiukagua mkato wa mshazari wa dirisha utaona kati yake imekuwa rangi ya chai. Kadi ina rojo la mbao lenye asidi, na asidi hiyo inahamia kwenye picha. Dalili hii hutokea haraka zaidi penye joto na unyevu kama kwetu. Badilisha kadi ya mbele na ya nyuma zote mbili. Kubadilisha ya mbele peke yake ni kuacha mwizi ndani ya nyumba. Taka kadi ya pamba au iliyoandikwa kuwa haina asidi. Mgongo wa fremu usiwe wa kadibodi ya boksi wala ubao wa unga wa mbao mbichi, ambao hunywa maji, ukavimba na kuisukuma picha mbele. Plastiki ya mifereji, ile ya mabango, ni nyepesi, haivimbi na inapatikana.

Fremu inaanguka, inainama, haitulii

Ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, na lipu yake inaweza kuwa nene sentimita mbili, tatu au zaidi. Msumari wa inchi moja na nusu haujazama vya kutosha kwenye jiwe. Umeshika unga. Fremu ya sentimita 60 kwa 80 ina kioo cha milimita 2 chenye kilo 2.4 peke yake. Ukijumlisha mbao na mgongo unafika kilo nne hadi tano, na unga hauwezi.

Penye ruhusa ya kutoboa, toboa polepole bila kugongesha drili, tundu la milimita 8 lenye kina cha sentimita 7, weka plagi ya plastiki na skrubu ya chuma kisichoshika kutu. Msumari wa kawaida karibu na bahari huanza kutu mapema na kuulilia ukuta mstari mwekundu. Usizibe matundu kwa saruji baadaye. Saruji haipitishi hewa kama chokaa, na unyevu utazunguka kiraka ukaubomoa ukuta pembeni yake. Ziba kwa chokaa na mchanga.

Penye jengo la urithi usitoboe bila idhini ya Mamlaka ya Mji Mkongwe na mwenye jengo. Tumia mbao za kusimama, au ning'iniza kutoka kwenye boriti kwa kamba ya chuma au mnyororo mwembamba. Wengi hutumia mshipi wa kuvulia kwa sababu hauonekani, na siku ya pili picha zimeshuka kila moja kwa kiasi chake. Nailoni hunyooka uzito ukikaa, na haisimami sawa mara mbili. Ukilazimika, tundika mizigo ya uzito ule ule siku mbili kabla, ndipo upime. Zidaka, yale matundu ya ukutani ya nyumba za zamani, zinavutia kuwekea picha ndogo, lakini hewa ya ndani ya kidaka imelala. Ziwekee picha wakati wa maonyesho na usizihifadhi humo.

Fremu inayoinama upande imetundikwa kwenye ndoano moja. Weka mbili, zikiachana nusu ya upana wa fremu. Inayoinamia mbele pete zake ziko chini mno: zifunge robo hadi theluthi kutoka juu.

Mstari wa picha uliopanda na kushuka unatokana na kupima kutoka sakafuni, na sakafu za nyumba zetu za zamani haziko sawa. Piga uzi mmoja wa pimamaji ukutani kwa urefu wa sentimita 150, na huo ndio uwe kati ya kila picha. Ndoano inakaa: 150, jumlisha nusu ya urefu wa fremu, toa umbali kutoka ukingo wa juu hadi waya uliovutwa. Fremu ya urefu wa 60 yenye waya ulio sentimita 7 chini ya ukingo, ndoano ni 173 juu ya sakafu pale uzi ulipoanzia.

Mtazamaji anajiona mwenyewe

Kioo kinarudisha dirisha au mlango ulio mkabala. Simama mbele ya picha, geuka nyuma: ukionacho cheupe ndicho kilichomo kwenye kioo. Funga ubao wa dirisha hilo, au ipeleke pale picha yenye weupe mwingi na uihamishe ile nyeusi. Taa zielekezwe kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka wima. Rangi za ngozi zikionekana kijani au kijivu, balbu ni duni: tafuta ya LED ya joto, 3000K, yenye kipimo cha uaminifu wa rangi (CRI) cha 90 na kuendelea. Jua la alasiri lisiiguse picha kabisa, na upande wa magharibi madirisha yafungwe kuanzia saa tisa. Maonyesho ya nje, kwenye uwanja wa Ngome Kongwe kwa mfano, si mahali pa karatasi. Chapa juu ya bamba la alumini.

Lebo zinadondoka, au zinasema uongo

Mkanda wa pande mbili haushiki chokaa, unashika vumbi lake. Chomeka lebo kwa pini mbili nyembamba, au ibandike kwenye kipande cha ubao mwembamba kilichoning'inia chini ya fremu. Iwe kulia, sentimita 4 kutoka fremu, herufi za pointi 16 au zaidi. Mpangilio: jina la mpigapicha, kichwa cha picha, mahali na mwaka, aina ya chapa na karatasi, urefu kisha upana kwa sentimita, namba ya nakala, bei. Linganisha kila lebo na daftari, si na kumbukumbu. Kosa linalorudi kila mara ni kuandika ukubwa wa fremu badala ya wa picha.

Aliyemo kwenye picha amekasirika

Mama wa Makunduchi anayevuna mwani ameambiwa na mjukuu wake kwamba sura yake iko ukutani mjini, na ina bei. Kukubali kupigwa si kukubali kuuzwa. Idhini iandikwe kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti, itaje maonyesho, kuuza na mtandao kila kimoja mbali, na mtoto aombewe kwa mzazi wake. Pasipokuwa na karatasi hiyo, picha ishuke leo, kabla ya mazungumzo, na wewe uende kwake. Akikubali, mpelekee na nakala yake iliyochapwa vizuri, yenye jina lake nyuma.

Fremu zimefika zimevunjika kutoka Pemba

Boti kutoka Mkoani hadi bandari ya Malindi, Unguja, inatikisa, na fremu zilizolazwa hubeba uzito wa zilizo juu yake. Zisimamishe, uso kwa uso na mgongo kwa mgongo, ili pete za moja zisikwaruze kioo cha nyengine. Bandika mkanda wa karatasi kwa alama ya X juu ya kila kioo. Kikivunjika vipande vitashikana badala ya kuichana picha. Vika pembe vikofia vya kadibodi, funga kila jozi kwa blanketi, kisha nailoni ya nje kwa ajili ya marasharasha ya maji ya chumvi, na utie ndani vipakiti vichache vya silika jeli, vya kunyonya unyevu. Ukifika, ondoa nailoni siku hiyo hiyo. Mkanda wa X ubanduliwe polepole, kwa pembe kali, usiku huo huo, kwani ukilala juu ya kioo katika joto letu gundi yake hubaki, na saa ya kufungua mlango utakuwa ungali unasugua.